James, mfalme aliyewaweka simba na farasi mwenye pembe kwenye ngao moja

Marehemu babu yangu alikuwa tarishi wa mahakama enzi za Mwingereza hapa Uganda. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi, kabla hajagusa faili hata moja, ilikuwa kupanda juu ya stuli na kufuta vumbi ubao mkubwa uliotundikwa juu ya kiti cha hakimu. Ubao huo ulichongwa ngao, na ngao yenyewe ilishikwa na wanyama wawili waliosimama kwa miguu ya nyuma. Kushoto kwa mtazamaji alikuwapo simba mwenye taji. Kulia alikuwapo mnyama mweupe mfano wa farasi, mwenye pembe moja ndefu kwenye paji la uso na mnyororo uliomzunguka. Babu alimwita punda wa Mzungu. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza ni nani aliyemfunga yule punda, na kwa nini simba hakufungwa. Alinijibu kwamba aliufuta ubao ule miaka 11 na hakuna hakimu aliyewahi kumweleza.

Jibu nimelipata ukubwani, na limenipeleka mbali kuliko nilivyodhani. Limenifikisha kwa mtoto aliyetawazwa kuwa mfalme akiwa na umri wa miezi 13, ambaye mama yake alikatwa kichwa, na ambaye ndiye aliyewakutanisha wanyama hao wawili mwaka 1603. Huyo ni James, wa sita kwa hesabu ya Waskoti na wa kwanza kwa hesabu ya Waingereza. Wengi wetu tunalijua jina lake kwa sababu ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Mimi leo nataka kumsimulia kwa njia ya ngao yake.

Kabla sijaendelea, msomaji, tuelewane juu ya jambo moja. Sisi tumezoea kukiita kisiwa kile chote Uingereza, na Mskoti akitusikia hukunja uso. Katika makala haya nikisema Uingereza nina maana ya ule upande wa kusini tu, wenye London. Kaskazini ni Uskoti, wenye Edinburgh. Kwa karne nyingi hizo zilikuwa nchi mbili zenye wafalme wawili, na zilipigana vita mara nyingi.

James alizaliwa katika ngome ya Edinburgh tarehe 19 Juni 1566. Mama yake alikuwa Mary, Malkia wa Waskoti, na baba yake Henry Stuart, aliyejulikana kama Lord Darnley. Mtoto hajatimiza mwaka, baba aliuawa. Nyumba aliyolala ililipuliwa kwa baruti usiku wa Februari 1567, na maiti yake ikakutwa nje bustanini. Watu walimnyooshea mama kidole, hasa alipoolewa miezi mitatu baadaye na mtu aliyeshukiwa kupanga mauaji hayo. Wakuu wa Uskoti walimkamata, wakamlazimisha kuacha kiti, na tarehe 29 Julai 1567 wakamtawaza mtoto huko Stirling. Mwaka uliofuata Mary alitoroka, akakimbilia Uingereza kuomba msaada kwa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Badala ya msaada alipata kifungo cha miaka 19. Hakumwona tena mwanawe.

Hapa ndipo ngao inapoingia. Mary hakuwa mgeni tu nchini Uingereza. Alikuwa na damu ya nyumba ile. Mwaka 1503 mfalme wa Uingereza, Henry wa Saba, alimwoza binti yake Margaret kwa mfalme wa Uskoti, na Mary alikuwa mjukuu wa Margaret huyo. Elizabeth alipoanza kutawala mwezi Novemba 1558, Mary alikuwa msichana wa miaka 15 huko Ufaransa, mke wa mwana wa mfalme wa nchi hiyo. Mkwewe aliagiza ngao ya Mary ichorwe upya na nembo ya Uingereza itiwe ndani yake, pamoja na zile za Uskoti na Ufaransa. Ikachorwa kwenye mihuri, kwenye mapambo, hata kwenye vyombo vya mezani, na balozi wa Elizabeth akaandaliwa chakula katika vyombo hivyo.

Mtu wa leo anaweza kucheka kwamba malkia alikasirikia sahani. Lakini enzi zile ngao ya mfalme ilikuwa kama hati ya shamba. Ukiweka alama ya nchi ndani ya ngao yako umetangaza kwamba nchi hiyo ni yako, na aliyekaa kwenye kiti chake ni mvamizi. Mkataba wa Edinburgh wa mwaka 1560 ulimtaka Mary aiondoe nembo ile. Hakuuridhia mkataba huo hadi kufa kwake. Elizabeth hakusahau, na kila njama iliyofumuliwa dhidi yake ilimkumbusha kwamba mwanamke aliyemfungia anajiona mwenye haki. Tarehe 8 Februari 1587, katika ngome ya Fotheringhay, Mary alikatwa kichwa.

Mwanawe alifanya nini? Alilalamika kwa barua na kwa wajumbe. Zaidi ya hapo hakufanya kitu. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametia saini mkataba wa urafiki na Elizabeth, naye akawa anapokea fedha kutoka kwake mwaka hata mwaka. Elizabeth hakuwa na mtoto, na James alijua kwamba akinyamaza kiti kitamwangukia. Wako wanaosema alikuwa na akili ya kutawala. Mimi, kila nikisoma habari hiyo, huona ugumu kumsamehe, ingawa nakumbuka pia kwamba alilelewa na watu waliomfundisha tangu utotoni kwamba mama yake ni mwovu. Mwalimu wake, George Buchanan, mzee msomi na mkali, alikuwa ameandika kitabu kizima cha kumshutumu mama huyo.

Alivumilia miaka 16 mingine. Elizabeth alifariki alfajiri ya tarehe 24 Machi 1603. Mtu mmoja wa ikulu, Sir Robert Carey, alipanda farasi mbio kwenda Edinburgh bila kutumwa na serikali, akitaka awe wa kwanza kupeleka habari. Njiani alianguka, farasi akampiga teke la kichwa, naye akaendelea. Usiku wa tarehe 26, damu ikiwa imemkaukia usoni, alipiga magoti mbele ya James, akamwita mfalme wa Uingereza, Uskoti, Ufaransa na Ireland.

Ufaransa? Ndiyo. Mwaka 1340 mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza alidai kwamba kiti cha Ufaransa ni chake kwa upande wa mama, akayachukua maua ya yungiyungi ya dhahabu, alama ya wafalme wa Ufaransa, akayaweka kwenye robo ya kwanza ya ngao yake, mbele ya simba wake mwenyewe. Vita vikapiganwa zaidi ya miaka mia moja, Waingereza wakashindwa, na mwaka 1558 wakapoteza hata Calais, mji wa mwisho waliobaki nao. Maua hayakuondolewa. Kwa hiyo ngao aliyoirithi James ilikuwa na maua ya nchi ambayo mwenye ngao hakuwa na hata hatua moja ya ardhi ndani yake.

Sasa maofisa wanaosimamia nembo walikuwa na kazi ngumu. Upande mmoja walikuwa na ngao ya Uingereza: maua ya yungiyungi, na simba watatu wa dhahabu wanaotembea juu ya rangi nyekundu. Upande wa pili walikuwa na ngao ya Uskoti, ambayo ni simba mmoja mwekundu aliyesimama juu ya rangi ya dhahabu, amezungushiwa mistari miwili yenye vimaua. Ngao ina robo nne, na robo hizo hazilingani kwa heshima. Ya kwanza, juu kushoto kwa mtazamaji, ndiyo kiti cha mbele. Nani akae hapo? James alizaliwa mfalme wa Waskoti na alikuwa ametawala kwao kwa miaka 35. Lakini Uingereza ilikuwa na watu wengi zaidi na fedha nyingi zaidi.

Walikata shauri hivi. Ngao yote ya Elizabeth, maua na simba, ilifinywa ikaingia katika robo ya kwanza na kurudiwa katika ya nne. Simba wa Uskoti akapewa robo ya pili. Robo ya tatu ikapewa kinubi cha dhahabu cha Ireland, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kinubi kuingia katika ngao ya kifalme, ingawa wafalme wa Uingereza walikuwa wakijiita wafalme wa Ireland tangu mwaka 1541. Kisha wakaja wanyama wa kushika ngao. Ngao ya Elizabeth ilishikwa na simba na joka. Joka hilo lilikuwa la ukoo wake wa Tudor, ukoo wenye asili ya Wales. Ngao ya Uskoti ilishikwa na farasi wawili wenye pembe. Simba akabaki mahali pake. Joka likafukuzwa, na mmoja wa farasi wale akachukua nafasi yake. Hadi leo Wales haina alama katika ngao ile, na Wawelshi hulalamika.

Na ule mnyororo? Wapo wanaosimulia kwamba Waingereza ndio waliomfunga mnyama wa Waskoti baada ya kuungana. Si kweli. Waskoti wenyewe walikuwa wakimchora na mnyororo kabla ya James kwenda kusini, kwa kuwa katika hadithi za kale mnyama huyo ni mkali, hakamatwi na mtu. Babu yangu angefurahi kusikia kwamba punda wake alifungwa nyumbani kwao.

Lakini jambo ninalolihesabu kuwa la busara kuliko yote aliyoyafanya James ni hili: ngao hiyo ilikuwa ya Uingereza tu. Kwa matumizi ya Uskoti ilichorwa nyingine. Huko simba mwekundu wa Waskoti alikaa robo ya kwanza na ya nne, Uingereza na maua yake vikasogezwa robo ya pili, na yule farasi mwenye pembe akahamia upande wa heshima, simba akaenda wa pili. Mfalme ni mmoja, ila kila nchi ilipotazama ngao ilijiona mbele. Ubao wa babu ulikuwa na simba kushoto, maana yake ni kwamba ulikuja kwetu katika sura ya Kiingereza.

Laiti angeishia hapo. James alitaka zaidi ya mfalme mmoja. Alitaka nchi moja, sheria moja, bunge moja na jina moja. Mwaka 1604 alilieleza Bunge la Uingereza kwamba anataka kuitwa Mfalme wa Uingereza Kuu. Wabunge walikataa. Majaji nao walimwonya kwamba jina la nchi likibadilika sheria zote zilizotungwa kwa jina la Uingereza zitakuwa zimekufa. Alipoona hivyo, tarehe 20 Oktoba 1604 alijitwalia jina hilo kwa tangazo lake mwenyewe. Akapiga sarafu mpya ya dhahabu ya shilingi 20, akaiita jina lenye maana ya muungano, na pembeni yake akaandika kwa Kilatini maneno kutoka kitabu cha nabii Ezekieli, juu ya kuwafanya watu wale kuwa taifa moja. Sarafu nyingine, ndogo, ilikuwa na waridi la Uingereza upande mmoja na ua la mbaruti la Uskoti upande wa pili.

Sarafu ilipita mikononi mwa watu, wazo halikupita. Waingereza waliona Waskoti wa mfalme wakipewa vyeo na zawadi mjini London, wakanung'unika kwamba maskini wa kaskazini wamekuja kuwala. Mnamo Novemba 1605 kikundi cha Wakatoliki waliochoshwa na mateso ya dini yao kiliweka mapipa 36 ya baruti chini ya Bunge. Guy Fawkes, aliyekamatwa akiyalinda, inaelezwa kwamba alipohojiwa alisema alikusudia kuwarusha Waskoti warudi milimani kwao. James, ambaye baba yake alilipuliwa nyumba kwa baruti, hakuwahi kuupoteza woga wake baada ya hapo.

Tarehe 12 Aprili 1606 alitangaza bendera mpya ya meli. Msalaba mwekundu wa Mtakatifu George wa Waingereza ulipandishwa juu ya msalaba mweupe wa Mtakatifu Andrew wa Waskoti. Busara ya ngao mbili ilikuwa imesahaulika. Miezi haikupita mingi wenye meli wa Uskoti wakapeleka malalamiko kwamba msalaba wao umekatwa katikati na kufunikwa na wa jirani. Anayedhani hayo ni mambo madogo hajawahi kukaa kwenye kikao cha harusi kinachojadili familia ipi ikae meza ya mbele. Mwaka 1607 Bunge la Uingereza lilizika rasmi mpango wa kuunganisha nchi. Alichoambulia mfalme ni uamuzi wa majaji wa mwaka 1608, kwamba Mskoti aliyezaliwa baada ya yeye kurithi kiti cha Uingereza asihesabiwe mgeni huko.

Kuhusu Biblia yake nitasema neno moja tu, kwa kuwa linamhusu yule mnyama. Katika tafsiri ile ya mwaka 1611 mna mnyama mwenye pembe moja anayetajwa mahali kadhaa, kwa mfano katika kitabu cha Hesabu, anaposifiwa kwa nguvu. Wasomi wanakubaliana kwamba Kiebrania hakikuwa na maana hiyo. Kilimtaja ng'ombe mwitu. Ukifungua Biblia yetu ya Kiswahili, mahali hapo hapo utamkuta nyati. Naona watafsiri wetu walikaribia ukweli zaidi.

Mambo mengine ya utawala wake nayapita haraka: madeni yasiyokwisha, vijana wazuri wa sura aliowapa vyeo kuliko akili zao, kijitabu alichoandika mwaka 1604 kulaani tumbaku, na kile cha mwaka 1597 juu ya wachawi. Aliwaahidi Waskoti kwamba atarudi kwao kila baada ya miaka mitatu. Katika miaka 22 alirudi mara moja tu, mwaka 1617.

Mwaka 1612 nasimama kidogo. Mwaka huo mwanawe mkubwa, Henry, alifariki akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka huo huo, majuma machache kabla ya msiba huo, James aliamuru mwili wa mama yake utolewe Peterborough ulikozikwa, ukaletwa katika kanisa la Westminster mjini London. Alimjengea kaburi la marumaru, mita chache kutoka kaburi la Elizabeth ambalo pia alilijenga yeye. La mama ni kubwa zaidi na liligharimu zaidi. Yule aliyelazimishwa kuifuta nembo ya Uingereza kwenye sahani zake analala leo katikati ya wafalme wa Uingereza. Kama ni toba, ilichelewa miaka 25.

James alifariki tarehe 27 Machi 1625. Yeye hana kaburi la kuchongwa. Hata mahali alipolazwa palisahaulika, hadi mwaka 1869 walipofungua makaburi ya Westminster wakimtafuta na kumkuta ndani ya chumba cha Henry wa Saba, yule aliyemwoza Margaret kwa Waskoti.

Ngao yake iliendelea kuishi maisha yake. Mwanawe Charles alikatwa kichwa mwaka 1649, nembo za kifalme zikabanduliwa makanisani na mahakamani, na chini ya Oliver Cromwell farasi mwenye pembe aliondolewa, joka likarudishwa. Ufalme uliporudi mwaka 1660, farasi naye alirudi. Muungano wa kweli, wa bunge moja, ulikuja mwaka 1707, miaka 104 baada ya ule wa ngao, chini ya Malkia Anne, kitukuu cha James. Hapo simba wa Uingereza na simba wa Uskoti waliwekwa bega kwa bega ndani ya robo moja, kama mume na mke. Mwaka 1714 alikuja George wa Kwanza kutoka Hanover huko Ujerumani, kitukuu kingine, na farasi mweupe wa kwao akaingia kwenye ngao. Mwaka 1801, Ireland ilipoingizwa kwenye muungano, maua ya Ufaransa yaliondolewa hatimaye. Ufaransa yenyewe ilikuwa imekwisha kumkata kichwa mfalme wake miaka minane kabla. Mwaka 1837 Victoria alirithi kiti, lakini sheria za Hanover hazikumruhusu mwanamke kuirithi, basi alama za Hanover nazo zikaenda. Tangu hapo robo hizo hazijaguswa. Sehemu kubwa ya Ireland ilijitenga mwaka 1922, ikajitwalia kinubi kuwa nembo yake yenyewe, lakini kile cha London hakikuondolewa, kwa ajili ya Ireland ya Kaskazini.

Hapa kwetu ubao wa babu uliteremshwa mwaka 1962. Nembo iliyochukua nafasi yake ina korongo mwenye taji na swala, nao wamesimama pembeni ya ngao kama walivyosimama simba na farasi.

Tarehe 18 Septemba 2014 Waskoti walipiga kura ya kuamua kama wajitoe, na asilimia 55 wakasema wabaki. Kilichonivutia katika kampeni zile ni kwamba serikali ya Uskoti iliyokuwa ikidai uhuru ilipendekeza Malkia Elizabeth wa Pili abaki kuwa malkia wao. Yaani nchi mbili, mabunge mawili, na taji moja, kama ilivyokuwa mwaka 1603. Kwa mpango huo ngao isingehitaji kubadilishwa. Mahakama za Edinburgh zingeendelea na ile yenye farasi mwenye pembe upande wa heshima, ambayo bado wanaitumia.